Mfuko Uliopima Watoto Tisa

Binadamu ana tabia moja mbaya: kitu kikiwa chepesi machoni, hudhani ni chepesi na mikononi. Akiona ukuta umesimama, hajiulizi ni matofali mangapi yalivunjika kabla haujasimama. Akila wali uliochambuka, hamkumbuki aliyeunguza vidole kwa mvuke. Huona kitu kimekamilika, kimetulia, hakina makuu, naye husema: hata mimi ningeweza. Bertha alisema hivyo mbele ya wanawake ishirini na wawili, na maneno yakishatoka kinywani hayana wa kuyarudisha.

Bertha alikuwa afisa ugavi katika ofisi moja mjini Kibaha. Alizaliwa Nzega, akasoma hadi akapata diploma yake, akaolewa na Onesmo, wakajenga nyumba yao Tangini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwepesi wa miguu na mkali wa ulimi, asiyependa vikao virefu wala maelezo ya kuzunguka mbuyu. Kazi yake ofisini ilikuwa kupokea mizigo na kuikagua, kwa hiyo jicho lake lilizoea kutafuta kasoro kama kuku anavyotafuta punje. Mtoto wake wa tatu, Brighton, alikuwa na miezi minane.

Yeye na wenzake walikuwa na kikundi walichokiita Tujikwamue. Mwaka huo waliamua kuisaidia zahanati moja ya Mbwawa, kata ambayo watu wanahamia kila kukicha na nyumba mpya zinachipuka katikati ya mashamba ya mihogo kama uyoga. Akina mama wengi wa huko walikuwa wageni, na walikwenda kliniki bila mifuko ya kupimia watoto. Kila aliyewahi kupeleka mtoto kliniki anaujua mfuko huo. Ni kitambaa kilichoshonwa mfano wa kaptura, chenye mikanda miwili juu. Mtoto huvalishwa, mikanda huning'inizwa kwenye kulabu ya mizani, muuguzi huachia mikono, na mtoto hubaki hewani mpaka mshale utulie. Kikundi kiliazimia kupeleka mifuko thelathini, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya kupima watoto.

Katika kikao cha kupanga kazi hiyo, Hajira, mzaliwa wa Kisarawe aliyeolewa Mbwawa, alisimama na mfuko wake mkononi. Ulikuwa wa kanga iliyopauka hata maandishi yake yakawa hayasomeki. Alieleza kwamba ulishonwa na shangazi yake, Bi Mwanne, fundi wa Kibuta, na kwamba umepima watoto tisa wa ukoo wao, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka ishirini na sita. Akashauri kazi apewe shangazi huyo.

Bertha aliupokea mfuko, akaugeuza ndani nje kama alivyogeuza kila bidhaa iliyopita mikononi mwake. Aliona mistari mingi ya uzi imelala sambamba kwenye mshono wa chini. Akatikisa kichwa.

“Huu umerudiwarudiwa kwa kuharibika,” alisema. “Halafu ni mshono wa kunyoosha tu, jamani. Hauna kola, hauna zipu, hauna mkono. Mstari ulionyooka unahitaji fundi kutoka Kibuta? Nina cherehani ya umeme nyumbani na nakwenda likizo. Nitashona yote thelathini kwa siku mbili.”

Hajira aliuchukua mfuko wake, akaukunja taratibu. “Sawa, dada,” alisema. “Mstari ni mstari.”

Kwa kweli Bertha hakuwa mtu wa ahadi hewa. Alinunua kanga mpya zilizojaa dondo, ule wanga wa kiwandani unaoifanya kanga isimame kama karatasi na kutoa sauti ikikunjwa. Kitambaa chenye dondo ni kitiifu. Hakitelezi, hakivutiki, hukaa pale unapokiweka. Aliiweka cherehani kwenye hatua ndefu, matundu ya sindano yakiachana, ili kazi iende, akakanyaga mpaka mwisho, nayo ikanguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Onesmo, aliyekuwa amembeba Brighton, alichungulia mlangoni akauliza kama kanga hazifuliwi kwanza. Alijibiwa kwamba kinachofuliwa ni kichafu, na hizi ni mpya. Akaondoka na mtoto wake.

Jioni ya siku ya pili mifuko thelathini ilikuwa mezani, imepigwa pasi na kupangwa kama mikate dukani. Bertha aliitazama akafurahi. Mistari yake ilikuwa imenyooka, angalau kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Jumamosi moja kabla ya siku ya kupima watoto, aliipeleka Mbwawa na Brighton mgongoni, wanakikundi wenzake wakimfuata. Muuguzi aliyeipokea aliitwa Yasmin, binti mwembamba, mpole wa sauti, lakini asiyebembeleza mtu. Aliisifu rangi ya mifuko. Kisha akachukua mfuko wa juu kabisa, akauzamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akaufikicha, akaukamua na kuuanika juani. Bertha alipouliza kulikoni, Yasmin alimweleza kwamba watoto hukojoa, na mfuko wa kliniki hufuliwa kila unapotumika.

Ulipokauka, haukuwa tena ule mfuko. Dondo lilikuwa limekwenda na maji, na kanga ilikuwa imelegea kama mlenda. Mshono ulijikunja huku na huku, nyuzi zimesimama juu ya kitambaa kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Yasmin alitia ndani dumu la lita kumi lililojaa maji, akatundika mikanda kwenye kulabu ya mizani, akaachia mikono.

Kwanza hapakutokea kitu. Halafu uzi ukaanza kutoka, tundu baada ya tundu, bila kelele, kama mtu anayeondoka msibani asitake kuonekana. Dumu likapiga sakafu. Maji yakawarukia wote miguuni.

“Diploma imefumuka,” alisema Hajira, na wanawake wakaangua kicheko.

Yasmin peke yake hakucheka. Aliinama, akalisimamisha dumu, akafuta mikono kwenye koti lake.

“Dada Bertha,” alisema, “humu anakaa mtoto.”

Maneno hayo yalimwingia Bertha kuliko kicheko cha wote. Alihisi uzito wa Brighton mgongoni, joto lake, pumzi yake kwenye shingo. Aliomba ujaribiwe mfuko wa pili, kisha wa tatu. Ilikuwa hadithi ile ile. Hakujitetea, hakulaumu uzi wala mwenye duka. Alikusanya mifuko yake yote akaifunga mzigo. Angeweza kusema kazi imemshinda, na hakuna ambaye angemfunga. Lakini alikuwa ametoa neno, na akina mama wa Mbwawa walikuwa wameshaambiwa waje mikono mitupu kwa kuwa mifuko ipo.

“Jumamosi ijayo nitaleta mingine,” alisema. “Hajira, nielekeze kwa shangazi yako.”

Jumatatu asubuhi alipitia Kiluvya hadi Kisarawe, akapanda bodaboda hadi Kibuta, Brighton mgongoni, begi la nguo za siku tano begani, na ule mzigo wa aibu mapajani. Bi Mwanne alikuwa barazani kwake, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mnene, mcheshi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mbele yake palikuwa na cherehani mbili kuukuu za kukanyaga kwa miguu. Hajira alikuwa amekwisha kumpigia simu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kueleza kilichotokea.

Bertha alimwamkia, naye akaitika, kisha akamuuliza kwao wapi.

“Nzega.”

Bi Mwanne alipiga makofi. “Kumbe mtani wangu! Wanyamwezi mnajulikana kwa kubeba mizigo. Nani kawadanganya mkashike sindano?”

“Na Wazaramo mnajulikana kwa ngoma,” Bertha alijibu bila kusita. “Mbona mmekalia cherehani?”

“Cherehani nayo ngoma, mtani. Ila hii haitaki kiuno, inataka akili itulie.”

Alivuta mfuko mmoja kutoka kwenye mzigo. Hakuutazama, aliunusa. Kisha akausugua kwa kidole gumba, unga mweupe ukabaki kwenye ngozi yake.

“Mtani, wewe umeshona dondo,” alisema. “Dondo ndilo lililoishika nguo. Uzi wako ulikuwa umesimama tu pale, kama mgeni asiyejua kazi za shughuli.”

Bertha alimwomba ashone yeye ile mifuko. Bi Mwanne alikataa waziwazi. Alikuwa na foronya za magodoro za kumaliza wiki hiyo, na alikuwa amewapa watu neno lake. Lakini cherehani ya pili ilikuwepo, na chumba cha kulala kilikuwepo. Kama mtani alikuwa na mikono, akae.

Basi akakaa. Siku ya kwanza hakugusa cherehani. Alipewa wembe akafumua mifuko yote thelathini, mshono kwa mshono, huku Brighton akitambaa kwenye mkeka na kujifunika vipande vya nguo. Kazi aliyoishona kwa siku mbili aliifumua kwa saa nne. Uzi ulitoka wenyewe, kama uliokuwa ukisubiri ruhusa. Alipomaliza, alifua zile kanga katika maji ya moto, akazisuuza mara tatu, mpaka maji yalipoacha kuwa meupe. Jioni vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, na kanga zilining'inia kwenye kamba, laini, zimenywea, hazina majivuno tena.

Siku ya pili alidhani sasa atapewa nguo. Alipewa karatasi ya daftari. Bi Mwanne alitoa uzi kwenye sindano, akaweka karatasi chini ya mguu wa cherehani, ule unaobana nguo penye sindano, akamwamuru apite juu ya mistari ya bluu kwa sindano tupu. Bertha alitaka kucheka. Alikanyaga, na gurudumu likazunguka kinyumenyume. Alikanyaga tena, likaenda mbele kwa pupa, karatasi ikapinda. Alipoinyanyua kuitazama kwenye mwanga, matundu yalikuwa yameondoka kwenye mstari kama nyayo za mlevi anayerudi nyumbani.

“Unaangalia wapi?” aliuliza Bi Mwanne.

“Sindano.”

“Sindano haiendi popote, mtani, inapanda na kushuka tu. Angalia ukingo wa nguo unapogusana na mguu wa cherehani. Na mikono yako isivute. Chini hapo kuna meno, yenyewe yanaivuta nguo. Wewe isindikize tu, kama unavyomsindikiza mgeni njia anayoijua.”

Alitoboa kurasa kumi na saba. Mwenye diploma, mwenye ofisi na watu anaowasimamia, alikaa kwenye kigoda cha Kibuta akitoboa madaftari, na wapita njia wakamtolea salamu za pole. Matundu ya ukurasa wa kumi na nane yalipita juu ya mstari wa bluu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hajawahi kupiga mstari ulionyooka maishani mwake. Mistari yake yote ilikuwa imepindapinda, na haraka ndiyo iliyomzuia asiione.

Mchana ule Bi Mwanne alihitaji kuunga vipande viwili vya foronya, na Bertha akapata nafasi ya kumtazama akifanya kazi. Fundi alianza kwa kupiga hatua tatu mbele, akairudisha nguo nyuma hatua tatu, kisha akaenda. Alikuwa akimsimulia habari za jirani yake aliyeuza mbuzi mmoja kwa watu wawili. Mikono yake haikufanya lolote la ajabu. Ilikuwa imelazwa tu juu ya nguo, kama mikono ya mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Lakini miguu ilikwenda kwa kipimo kimoja, na sauti ya cherehani haikupanda wala kushuka, kama mvua ya masika inaponyesha juu ya bati bila upepo. Mwishoni alirudi tena nyuma hatua tatu, akakata uzi, akaitupa kazi pembeni bila hata kuiangalia.

Bertha aliichukua. Ile tabia ya ofisini ilimjia yenyewe. Alitoa futi, akahesabu hatua za sindano katika inchi moja ya mwanzo. Kumi na mbili. Akaenda katikati, pale ambapo hadithi ya mbuzi ilikuwa imefika penye kicheko. Kumi na mbili. Akahesabu mwisho. Kumi na mbili. Aligeuza nguo, akashindwa kujua upande upi ulikuwa wa juu na upi wa chini. Aliweka rula kando ya mshono, na mwanga haukupata pa kupita kati yao.

 Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amekagua bidhaa zilizotengenezwa na mitambo mikubwa ng'ambo, na hakuwahi kukutana na kitu kilichokosa kasoro. Sasa kilikuwa mapajani mwake, kimetoka kwenye cherehani yenye kutu miguuni, kwa mikono ya mwanamke aliyekuwa bado anacheka habari za mbuzi.

Aliuliza kazi hiyo ilimchukua muda gani kuijua. Bi Mwanne alisema kwamba fundi aliyemfundisha alimpa kazi moja tu mwaka mzima: kupinda kanga za watu. Pindo la huku, pindo la huku, basi. Alilia, alidhani anaonewa, aliwaona wenzake wakishona magauni naye yuko palepale. Alipoanza mwaka wa pili akaambiwa ashone gauni, alishangaa kuona hakuna jipya. Gauni lilikuwa mapindo mengi yaliyokutana.

Ndipo Bertha alipoukumbuka ule mfuko wa Hajira. Akauliza, kwa sauti ya chini safari hii, kwa nini mshono wake ulikuwa na mistari mingi.

“Ile tisa?” alisema Bi Mwanne. “Mtoto akishamaliza kupimwa, mfuko unarudi hapa. Naufua, naukagua, halafu naupiga mstari mwingine ubavuni mwa ule wa mwanzo. Haujaharibika hata siku moja. Ni kwamba mtoto anayekuja ni mwingine, na uzi wa zamani usibebe peke yake.”

Bertha aliiweka foronya chini. Aliiona tena akilini ile mistari tisa, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa upana wa punje ya mchele. Wa kwanza ulipigwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye macho mazima. Wa mwisho ulipigwa na mwanamke wa sitini mwenye miwani iliyofungwa uzi. Katikati yao kulikuwa na miaka ishirini na sita, ndoa, misiba, mavuno na njaa, na mkono ule haukuwa umehama hata kwa unene wa unywele. Yeye alikuwa ameushika mfuko huo mbele ya watu akasema umerudiwarudiwa kwa kuharibika.

“Nisamehe, mama,” alisema.

“Utani huo, wala usijali,” alijibu Bi Mwanne. “Haya, tia uzi.”

Siku ya tatu alishona nguo. Sita za kwanza zilirudishwa. Bi Mwanne alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, na kidole kiliposita alimpa wembe. Alimfundisha kulaza mshono, yaani kuukunja ukingo mmoja juu ya mwingine na kuupiga mara ya pili, ili uzito usikae kwenye uzi peke yake bali ugawanywe na kitambaa. Alimbadilishia sindano, akamfupishia hatua. Bertha alifumua, akashona, akafumua. Mgongo ulimuuma, nyonga zilimkaza, na mara mbili alikwenda nyuma ya nyumba akasimama peke yake akiwa na hasira, kisha akarudi kukaa.

Alasiri ya siku hiyo, bila yeye kuitafuta, sauti ya cherehani ilibadilika. Ilikuwa ikikohoa na kukatika, mara ikaanza kwenda. Miguu yake iliacha kuamuriwa. Ukingo wa nguo ulikuja ukagusa mguu wa cherehani, ukaendelea kuugusa, ukaendelea, na alihisi kana kwamba si yeye anayeisukuma nguo bali nguo ndiyo inayopita mbele yake, kama maji ya mto kwa mtu aliyekaa ukingoni. Hakuthubutu kupumua kwa nguvu. Alipofika mwisho, alirudi nyuma hatua tatu, akakata uzi, akabaki na kazi mkononi akiogopa kuigeuza. Bi Mwanne alifumba macho, akapitisha kidole. Kidole kilikwenda kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusita.

 Bi Mwanne aliuning'iniza mfuko huo kwenye msumari, mahali ambapo hapakuwa na kitu tangu Jumatatu.

Kufikia Ijumaa jioni, msumarini palikuwa na mifuko kumi na mmoja. Bertha aliihesabu mara mbili, ikakataa kuwa thelathini. Angeweza kuharakisha na kuifikisha ishirini. Aliifikiria njia hiyo kwa muda mfupi sana, akafunga mzigo wake.

Jumamosi, kibanda cha kupimia watoto pale Mbwawa kilijaa. Akina mama walikaa kwenye mabenchi, wengine chini kwenye kanga zao, watoto wakilia na kunyonya. Wanakikundi walisimama upande mmoja, Hajira miongoni mwao. Bertha hakutafuta maneno matamu.

“Niliahidi mifuko thelathini,” aliwaambia. “Nimeleta kumi na mmoja. Kumi na tisa iliyobaki nitaileta nikiwa nimeimaliza, si kabla.”

Yasmin alichukua mmoja, akauzamisha kwenye ndoo, akaufikicha bila huruma, akaukamua, akatia dumu la maji, akatundika. Mikanda ilikaza. Mshono ulikaza. Dumu lilijizungusha taratibu upande huu na upande ule, kisha likatulia. Lilibaki pale mpaka watu wakachoka kulitazama.

Lakini habari ya dumu lililoanguka ilikuwa imekwisha kufika kila nyumba, na dumu si mtoto. Yasmin alipomwita wa kwanza, hakuna aliyeinuka. Kila mama alimkumbatia wake akatazama pembeni. Bertha hakuwalaumu. Angekuwa mmoja wao, angefanya vivyo hivyo, tena angesema kwa sauti.

Alilegeza mbeleko, akamteremsha Brighton. Alimvalisha mfuko mkavu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akamkabidhi Yasmin. Mikanda ikatundikwa. Yasmin alibaki amemshikilia mtoto kwa chini kwa mikono yote miwili, akamgeukia mama yake.

“Niachie?”

Bertha aliutazama mshono. Ulikuwa mstari mmoja wa uzi, mwembamba kuliko unyasi, umelazwa ukarudiwa, hatua kumi na mbili katika kila inchi. Zaidi ya hapo, kati ya mwanawe na sakafu hapakuwa na kitu.  Alijua kila hatua iliyokuwa ndani ya mstari ule, kwa sababu kila hatua ilikuwa imempitia mwilini.

“Achia.”

Yasmin aliondoa mikono.

 Brighton alining'inia hewani, miguu ikicheza, macho yamemtoka kwa mshangao. Akajizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Kisha akacheka, akarusha miguu yote miwili kwa nguvu zake zote, mizani ikatikisika, na mshono haukutoa hata sauti. Mshale ulicheza, ukapunguza mwendo, ukasimama.

“Kilo nane na nusu,” alisema Yasmin, akaandika kwenye kadi.

Mama mmoja mgeni, ambaye hakuna aliyemjua jina, aliinuka na mtoto wake. Wa pili akamfuata. Punde foleni ikafika nje ya kibanda. Hajira alikwenda kwenye ndoo, akakunja mikono ya gauni lake, akaanza kufua mifuko iliyotumika na kuianika, ili kumi na mmoja ifanye kazi ya thelathini.

Siku hiyo walipimwa watoto arobaini na watatu. Kila mmoja aliinuliwa, akaelea hewani kitambo kidogo, akarudi kifuani kwa mama yake. Akina mama waliutazama mshale, wakaitazama kadi, wakamtazama muuguzi usoni. Hakuna hata mmoja aliyeutazama mshono. Bertha alikaa kwenye benchi la nyuma, Brighton amelala mapajani, vidole vyake mwenyewe vina vidonda vya wembe, naye akaona kwamba heshima ya mshono ni hiyo, kubeba roho ya mtu bila kukumbukwa. Yeye hatausahau tena, wala hatapita mbele ya kitu kilichotulia akadhani kimetulia chenyewe. Maana waliosema hawakukosea: usione vyaelea, vimeundwa.